Waifai za zamani kwenye laptopu: ipi ufute, ipi uache

Laptopu inayozunguka kati ya hosteli za Malimbe, steshenari ya Kirumba na mgahawa wa Capri Point, Mwanza, hubeba jina la kila waifai iliyowahi kuingia. Majina hayo hayaifanyi iwe nzito, hata kama fundi wa mtaani anaapa hivyo. Kila moja ni faili dogo tu. Shida ni kwamba laptopu inajiunga nazo yenyewe, bila kukuuliza.

Anza na zisizo na nywila, zile za hotelini na stendi. Hizo kompyuta huzitambua kwa jina, basi. Mtu akiwasha hotspoti isiyo na nywila akaipa jina hilohilo, laptopu yako inaweza kumfuata yeye. Futa zote.

Inayosumbua watu zaidi ni ile iliyobadilishwa nywila jina likabaki lilelile. Baba mwenye nyumba amebadilisha nywila ya ruta, wewe kompyuta inapeleka ya zamani, na unachoona ni "Can't connect to this network" bila hata kisanduku cha kuandika mpya. Kuwasha na kuzima hakusaidii. Futa jina, lichague upya, kisanduku kitakuja.

Hotspoti ya simu ya mwenzako ni suala jingine. Akiiwasha kwa kazi zake, laptopu yako inajiunga kimyakimya, na masasisho ya Windows yanakula bando lake. Hapo usifute: ondoa tiki ya "Connect automatically", kisha washa "Metered connection". Ukifuta, mpangilio huo wa kubana bando unafutika pamoja na jina, na siku ukijiunga tena unaanza upya.

Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia "Network & internet", "Wi-Fi", halafu "Manage known networks". Mbele ya jina kuna "Forget". Windows 10 njia ni ileile, ila unabofya jina kwanza ndipo "Forget" inatokea.

Kabla ya kubofya, hakikisha nywila unayo, maana ikifutwa hapo imeondoka. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kwa "Run as administrator", andika:

netsh wlan show profiles

Utapata orodha nzima. Kisha hii, ukiweka jina la waifai yako badala ya "Nyumbani Malimbe":

netsh wlan show profile name="Nyumbani Malimbe" key=clear

Nywila iko kwenye mstari wa "Key Content". Alama za kunukuu usiziache kama jina lina nafasi katikati. Wengi wanakwama hapo, wakidhani amri ni mbovu. Kufuta moja:

netsh wlan delete profile name="Nyumbani Malimbe"

Ukiweka name=* zinaondoka zote kwa mpigo. Hiyo iwe ya laptopu unayoiuza. Kwenye kompyuta ya steshenari ni kujitafutia balaa: printa ya waifai haitaonekana mpaka kompyuta irudi kwenye ruta ileile, na wateja wako mlangoni na flashi zao.

Jina likiendelea kuonekana ukibofya alama ya waifai, hujakosea. Ruta iko karibu na inajitangaza, kompyuta imesahau nywila tu. Likirudi kwenye "Manage known networks" kwenyewe, angalia akaunti ya Microsoft: huenda inaleta nywila kutoka kompyuta yako nyingine. Zima hilo kwenye "Accounts", "Windows backup", halafu ufute tena. Na likiwa chini ya "Group policy profiles" kwenye orodha ya netsh, limewekwa na ofisi. Hapo mtafute mtu wa tehama wa ofisini kwenu, amri hizi hazitaligusa.