Mwanangu kavaa magwanda chuoni: maswali yenu kuhusu ROTC

Tangu niseme hadharani kwamba nilipita ROTC, ujumbe haukauki. Kwa asiyeijua: ni mafunzo ya kutengeneza maofisa wa jeshi la Marekani ndani ya vyuo vya kawaida. Kijana anasoma uhasibu au uuguzi kama wenzake, na pembeni anasoma uongozi wa kijeshi. Mimi nilipitia upande wa jeshi la nchi kavu, nikatoka luteni usu, nikafanya miaka minne ya ugavi, nikavua buti. Nayajibu niliyoweza.

Mama, Columbus, Ohio: Mwanangu ameanza chuo Agosti. Kwenye ratiba yake nimeona somo la sayansi ya kijeshi. Anasema ni somo tu. Kashaingia jeshini huyu? Silali.

Shikamoo mama. Lala. Miaka miwili ya kwanza inaitwa kozi ya msingi, na mwanafunzi asiye na ufadhili wa jeshi hadaiwi kitu. Anasoma, anapata krediti zake, akichoka anaacha kama anavyoacha somo la muziki. Mpaka uko mwanzoni mwa mwaka wa tatu: hapo ndipo anayetaka kuendelea anasaini mkataba. Kwa hiyo muulize swali moja tu, kwa upole: "Umesaini karatasi yoyote?" Akisema hapana, ni somo tu. Akisema amepata ufadhili, soma jibu la baba wa Minneapolis hapo chini.

Usichanganye na Selective Service, lile daftari la serikali la vijana wanaoweza kuitwa jeshini vita ikizuka. Lile linawahusu vijana wote wa kiume wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi hapa, raia na wenye kadi ya kijani, wawe wamewahi kuvaa buti au hapana.

Mwanafunzi, mwaka wa kwanza, Texas: Kaka, wanafundisha nini hasa? Nimeambiwa ni kukimbia na kupiga pushapu.

Kukimbia kupo, mdogo wangu. Saa kumi na mbili alfajiri, mara kadhaa kwa wiki, na kwenye jaribio la mwisho kuna maili mbili zinazokungoja baada ya kunyanyua vyuma na kuburuta mzigo uwanjani. Lakini hilo ni jasho, linakauka. Kilichonibakia mimi ni vitu vitatu vidogo.

Cha kwanza ni ramani na dira. Utapewa karatasi yenye tarakimu nane, zinazokufikisha ndani ya mita kumi za kigingi kilichochomekwa msituni, kisha utaambiwa nenda. Simu unaiacha kwenye gari. Unahesabu hatua zako za mguu wa kushoto. Mimi uwanjani nilikuwa na 66 kwa kila mita 100, nikajiona fundi. Msituni, kwenye kilima na miiba, hatua zikafupika bila mimi kujua, hesabu ikasema nimefika wakati bado niko nyuma kabisa, nikaanza kutafuta kigingi ndani ya kinamasi. Nilirudi na soksi za matope na sifuri. Tangu siku hiyo kila nikiona hesabu imetulia mno, nauliza ilipimwa wapi.

Cha pili ni kutoa amri. Amri ya kijeshi ina vifungu vitano: hali ilivyo, jukumu, namna ya kulitekeleza, ugavi, kisha nani anaongoza na mnawasiliana vipi. Ni uti wa mgongo wa mpango wowote, hata wa harusi. (Kamati zetu za harusi zinakufa kwenye kifungu cha nne na cha tano.)

Lakini kilichonifunza zaidi ni kanuni ya theluthi. Kiongozi akipewa muda, achukue theluthi moja kupanga, theluthi mbili awaachie walio chini yake wajiandae. Rahisi kusema. Mara yangu ya kwanza kuongoza seksheni ya watu tisa kwenye doria ya mazoezi, nilipewa saa tatu. Nikachora, nikafuta, nikatengeneza ramani ya mchanga ya kupendeza: kamba ya bluu ndiyo mto, majani ya msonobari ndiyo msitu, kokoto ndio sisi. Nilipoinua kichwa zilibaki dakika 25. Nikatoa amri kama mtangazaji wa mpira, tukaondoka.

Hatujafika mita 300, sajenti aliyekuwa akitufuata akaninyoshea kidole: "Wewe umekufa. Kaa chini." Akamgeukia dada mmoja wa nyuma kabisa: "Kamanda wako amekufa. Mnakwenda wapi?" Dada akanitazama. Mwingine naye akanitazama. Watu wanane, hakuna anayejua tunakwenda wapi, na wawili hawakuwa wamejaza maji. Mpango wote ulikuwa kichwani mwangu, na mimi nilikuwa maiti, nimekaa chini ya mti.

Baadaye tukakaa chini kwa duara, cheo kimewekwa pembeni, tukajibu maswali yaleyale yanayoulizwa kila mara: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, kipi tukishike na kipi tukirekebishe. Hakuna aliyenifokea. Yule dada alisema tu, "Sikujua kama nilitakiwa kujua." Hicho ndicho kitu cha tatu: kikao hicho. Maofisi mengi niliyofanya kazi baadaye yangelipa pesa nyingi kukipata.

Mzee, Dallas: Sisi wa zamani tulipelekwa JKT. Hii ina tofauti gani?

Shikamoo mzee wangu. Mchakamchaka ni uleule, nia ndiyo tofauti. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, iliyoanzishwa 1963, ilikusudia kumfanya kijana awe Mtanzania: ashike jembe, alale bwenini na mtoto wa mkoa mwingine. ROTC haina shamba. Inatafuta ofisa, basi, na wengi inaowaonja inawaacha waende zao.

Ila kwenye suala la lazima, historia zinafanana kuliko tunavyodhani. Sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi kwa vyuo vya majimbo ilivitaka vifundishe na mbinu za kijeshi. ROTC yenyewe ikaundwa kwa sheria ya 1916. Kwa miongo mingi mvulana akiingia vyuo vingi vya majimbo alipiga kwata miaka miwili apende asipende, mpaka vyuo vilipoanza kulegeza miaka ya 1960. Wakati huohuo kwetu ndiyo kwanza kamba ilikuwa inakazwa. Mzee utakumbuka Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulazimishwa kutumikia JKT, hasa kukatwa mishahara. Mwalimu akawarudisha makwao kwa mamia, na palepale akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. JKT kwa mujibu wa sheria ikaja kusimamishwa 1994 na kurudi 2013. Wakenya nao waliosoma miaka ya 1980 wana hadithi zao za NYS, huduma yao ya vijana kwa taifa, kabla ya chuo; wakianza habari za kambi ya Gilgil hawanyamazi.

Maoni yangu, na mzee unaruhusiwa kunikatalia: uongozi unafundishika vizuri zaidi kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake. Ukakamavu unaweza kulazimishwa.

Binti, Kentucky: Tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tulifika huku nikiwa na miaka 14. Sasa niko na 19, mwaka wa kwanza chuoni, niko na kadi ya kijani. Naweza kuchukua darasa hilo? Na mama hataki kusikia. Akiona mtu wa magwanda anageuza njia.

Dada, sehemu ya kwanza ni nyepesi. Vyuo vingi vinamruhusu mwenye kadi ya kijani kukaa kwenye darasa la msingi. Kusaini mkataba, kupata ufadhili na kuapishwa kuwa ofisa kunataka uraia. Kwa mkimbizi, miaka mitano ya kungojea uraia huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, kwa hiyo huenda muda wako umeshatimia.  Peleka karatasi zenu kwa wakili wa uhamiaji, mashirika yanayopokea wakimbizi mengi yanao wa bei nafuu.

Sehemu ya pili sina ujuzi wa kuijibu, nina adabu tu. Mama aliyekimbia watu wenye bunduki akakulea kambini haogopi kitambaa. Anaogopa kitu anachokijua kwa jina. Usimshinde kwa hoja. Mwambie ukweli kwamba unasoma, usimfiche, kisha magwanda yaache chuoni. Siku ya mazoezi ya uongozi yavae, ukimaliza badilisha, ndipo upande basi. Akitaka kuuliza ataanza yeye. Na kama hatauliza miaka yote minne, hilo nalo ni jibu lake, uliheshimu.

Usijione mgeni humo. Colin Powell, aliyefika kuwa mkuu wa wakuu wote wa majeshi ya Marekani mwaka 1989, alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaica, akisoma jiolojia chuo cha jiji la New York kwa alama za kawaida tu. Aliyopenda ni ROTC. Alitoka humo luteni usu mwaka 1958.

Baba, Minneapolis: Wamemwahidi binti yangu ada yote, pesa za vitabu na dola 420 kila mwezi. Asaini?

Hapo napiga goti, baba. Pesa ni za kweli. Na deni ni la kweli: jumla ya miaka minane. Wengi hutumikia minne kazini muda wote na minne wanabaki kwenye orodha ya akiba, wanaweza kuitwa. Wengine huenda National Guard (askari wa akiba wa majimbo) au jeshi la akiba huku wakifanya kazi zao za kiraia.

Aliyepewa ufadhili wa miaka minne ana mlango mmoja wa kutokea: kabla mwaka wa pili haujaanza anaweza kuondoka bila deni. Akishaanza mwaka wa pili, kuondoka kunaweza kumaanisha kurudisha pesa au kutumikia kama askari wa kawaida. Nimewaona vijana wazuri wakilia kwenye ukurasa huo wa mkataba, kwa sababu siku ya kusaini walisoma ukurasa wa pesa peke yake.

Ushauri wangu hauna siri: darasa achukue leo, saini aicheleweshe. Mwaka mmoja wa kuamka alfajiri utamwambia mengi kuliko mimi, wewe na mwajiri wa jeshi tukijumlishwa. Na umuulize hivi: ada ingekuwa bure kila mahali, angelitaka bado? Akisita, msisaini.

Mama wa Mombasa, sasa yuko Virginia: Binti yangu anavaa hijabu. Atavuliwa?

Tangu Januari 2017 jeshi la nchi kavu linaruhusu hijabu kwa kibali, na ngazi ya kukitoa ilishushwa hadi kwa kamanda wa brigedi. Ila kanuni za mavazi jeshini hubadilika zikibadilika serikali. Aombe kwa maandishi na apate jibu kwa maandishi, kabla ya mkataba. Ahadi ya mdomo ya sajenti mkarimu si kibali.

Mwanafunzi, Iowa: Kiswahili changu kitanisaidia? Na nikitoa amri wanacheka lafudhi yangu.

Kitasaidia. Kumekuwa na mpango uitwao Project GO, uliowalipia wanafunzi wa ROTC kusoma lugha ambazo jeshi linazihitaji, na Kiswahili kimekuwamo. Wenzako wanahangaika na "nilimpa" na "alinipa" wakati wewe ulizinyonya.

Lafudhi: kwata haisikilizi lafudhi, inasikiliza muda. Amri ina vipande viwili, cha kutahadharisha na cha kutenda, na katikati kuna pumzi moja. Waanzaji wanaimeza hiyo pumzi, gwaride linavurugika, wanadhani tatizo ni kinywa. Simama nyuma ya bweni usiku, uuamrishe ukuta. Niliamrisha ukuta wiki mbili. Mlinzi wa chuo alinizoea.

Mama, Maryland: Mwanangu anaapishwa Mei. Ameniambia nije na sarafu ya dola ya fedha. Ya nini tena?

Hongera mama! Ni mila yao. Ofisa mpya anampa sarafu ya fedha askari wa kwanza kumpigia saluti. Kwa kawaida huwa amemchagua mapema, mara nyingi sajenti aliyemfundisha. Wangu alikuwa yuleyule aliyeniua kwenye doria. Mama yangu, na kitenge chake, alihangaika na ile pini ya cheo mpaka ikanichoma bega, nikavumilia kwa sababu kamera zilikuwa zimeelekezwa. Kisha sajenti akasimama wima, akapiga saluti, nikaipokea, nikampa mkono wenye sarafu. Aliitia mfukoni bila kuitazama, akaninong'oneza: "Maji umejaza, Luteni?"

Inunue mapema kwenye duka la sarafu, si benki. Na usimkabidhi asubuhi hiyo, ataiacha kwenye suruali nyingine. Kaa nayo kwenye pochi yako mpaka akuangalie.