Usiongeze hata saa moja kabla hujamsikia kila mtoto akisoma

Simamisha mpango wenu wa masomo ya jioni leo, kabla mchapishaji wa karatasi za marudio hajapokea hata shilingi moja ya malipo ya kwanza. Umeandika kwamba wewe na wenzako mliosoma zamani katika shule moja ya msingi huko Kaptembwo, Nakuru, mmechanga pesa ili watoto wa darasa la nne hadi la sita wanaotoka katika nyumba zisizojiweza wabaki shuleni kila jioni, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu, warudie masomo ya mchana na kufanya karatasi za marudio. Umeuliza walimu walipwe kiasi gani, kama uji ni wa lazima, kama wazazi wachangie chochote, wasichana warudi nyumbani salama kwa njia gani, na kama mwendelee katika likizo ya Aprili. Hukuuliza watoto hao wanaweza kusoma nini. Sisi pia hatukuuliza, na nimeshindwa kulala baada ya kusoma maneno yako kwa sababu ni yetu yale yale.

Mwaka 2018 nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha wazazi wa mtaa wa Nyalenda, hapa Kisumu. Tulifungua madarasa ya jioni katika ukumbi wa kanisa kwa watoto 94 wa darasa la tano hadi la saba, watoto wa wauza samaki, wafua nguo, vibarua wa mjengo na waendesha boda boda. Tuliwalipa walimu watatu shilingi 300 kila mmoja kwa jioni, siku tano kwa juma, kwa majuma 26 ya mihula miwili ya kwanza, nazo zikafika shilingi 117,000. Karatasi za marudio zilimeza shilingi 48,000 nyingine. Fedha hizo zilitoka kwa watu ambao huamua asubuhi kama watapanda matatu au watatembea.

Aliyetuelekeza huko ni mtu aliyejitambulisha kama mtaalamu wa elimu. Alitueleza kikaoni kwamba mtoto wa maskini hana meza wala taa nyumbani isipokuwa koroboi, kwamba kinachomwangusha ni uchache wa saa za kusoma, na kwamba saa zikiongezwa alama zitapanda. Habari ya meza na koroboi ilikuwa kweli tupu, na kwa sababu hiyo tuliyameza yaliyofuata bila kuyatafuna. Mama mmoja wa kikundi, anayeuza mboga katika soko la Kibuye, alipendekeza kwamba tuwasikilize watoto wakisoma kabla ya kuanza. Mtaalamu alimjibu kwamba hilo lingetupotezea majuma mawili bure, nami nikamuunga mkono mtaalamu. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa akipata sehemu yake katika kila karatasi tuliyonunua. Kwa upande wa pesa nimemsamehe. Kwa lile jibu alilompa yule mama sijamsamehe, na sidhani kwamba nitaweza.

Jioni moja mwishoni mwa Julai walimu wawili hawakufika, ikanilazimu kulisimamia darasa la sita mwenyewe. Mkobani nilikuwa na kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili cha binti yangu. Nikamwita mvulana aliyekuwa na daftari safi kuliko wote, mwandiko ulionyooka na vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari kwa rula, nikamwomba awasomee wenzake hadithi fupi ya kuku na vifaranga vyake. Aliisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama, mpaka mwisho. Kilichonishtua ni kidole chake, kwa maana alipomaliza neno la mwisho la hadithi kidole kilikuwa kingali katika mstari wa tatu. Nilisubiri wenzake watoke, nikaifunika hadithi kwa kiganja, nikabakiza neno moja tu wazi, «maji». Alilitazama kwa muda mrefu, kisha machozi yakamlengalenga. Alikuwa amekariri kitabu kizima tangu alipokuwa darasa la pili, na kwa miaka minne hakuna mwalimu wala mzazi aliyemwonyesha neno moja peke yake.

Kwa siku nne zilizofuata niliwasikiliza wote 94, mmoja mmoja, nje ya ukumbi chini ya mwembe. Watoto 37 hawakuweza kusoma aya ya darasa la pili, na 11 kati yao hawakuzijua herufi zote. Hao ndio watoto tuliokuwa tumewafungulia madarasa. Kwa mihula miwili tuliwaketisha saa mbili na nusu kila jioni mbele ya karatasi za sayansi na hisabati zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo shule zetu huanza kufundishia kuanzia darasa la nne, wakanakili ubao na kuchagua A au C kwa kumtazama jirani. Walioweza kusoma tangu awali waliendelea vizuri, alama zao zikaupandisha wastani, nasi tukausoma wastani huo kikaoni na kupiga makofi.

Niliporudi kuipitia daftari ya mahudhurio nilikuta jina la msichana wa darasa la saba aliyeacha kuja mwezi wa Juni. Kando yake, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: «Mtoro, hana bidii.» Tulimfuata Dunga, tukamkuta akianika omena pamoja na shangazi yake. Alikuwa ameacha tuisheni yetu na shule pia. Aliniambia kwa upole kwamba mchana aliweza kujificha miongoni mwa watoto 70, lakini jioni, tulipokuwa wachache na walimu wakiuliza swali kila mtu, hapakuwa na pa kujificha. Tulimbembeleza, tukazungumza na shangazi yake mara tatu, lakini hakurudi. Shilingi 165,000 zinaweza kuchangwa tena. Mtoto yule alikuwa amedumu shuleni miaka saba, na saa zetu za ziada ndizo zilizomtoa.

Hapa kwetu magharibi jambo hili lilikuwa limekwisha kupimwa zamani, nami nililisoma nikiwa nimechelewa. Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alifanya utafiti na wenzake katika shule za Busia na Teso miaka ya 1990. Shule zilipogawiwa vitabu vya kiada, wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Katika jaribio jingine walimu waliahidiwa zawadi wanafunzi wao wakifanya vizuri. Waliongeza vipindi vya matayarisho ya mtihani, alama zikapanda kwa muda, kisha faida ikayeyuka mpango ulipokwisha. Miaka kadhaa baadaye, jaribio lililoanza mwaka 2005 lilizipa shule za magharibi mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Pale watoto walipogawanywa kwa kiwango walichofikia, walipata alama bora kuliko pale walipogawanywa kwa kubahatisha, na hata waliokuwa nyuma walinufaika. Zisome habari hizo pamoja na wenzako kabla ya kikao chenu kijacho.

Muhula wa tatu tulizitupa karatasi zote. Tulitumia ngazi zile ambazo watu wa shirika la Uwezo wamekuwa wakizitumia tangu 2009 wanapopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, yaani herufi, neno, aya na hadithi, tukaunda makundi manne bila kujali mtoto yuko darasa la ngapi. Kila kundi lilipewa jina la samaki wa ziwani: omena, ngege, mbuta na kamongo. Niliogopa kwamba wakubwa wangeona haya kuketi na wadogo, na siku za kwanza waliona haya kweli, mpaka tulipowahamisha watoto kila baada ya majuma mawili na kila mmoja akaona kwamba hakuna anayekwama mahali pamoja. Muda ulipungua ukawa saa moja tu, kuanzia saa kumi. Vifaa vilikuwa vipande vya katoni vilivyoandikwa silabi, chaki, na vitabu vya hadithi vya kuazima. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, na Kidholuo kilitumika pale mtoto alipokwama. Kufikia mwisho wa Oktoba, watoto 24 kati ya wale 37 waliweza kusoma hadithi ya darasa la pili ambayo hawakuwahi kuiona. Mvulana wa kidole alikuwa mmoja wao, naye alisoma polepole, akikwama na kurudi nyuma, na kidole chake kilikwenda sambamba na mdomo.

Kuhusu uji, ndiyo, upikeni, kwa maana mtoto aliyekula mara ya mwisho saa nne asubuhi hasikii silabi. Kuhusu mchango wa wazazi, msiombe hata senti; sisi tuliomba shilingi 20 kwa juma, na waliokosa kuja Jumatatu ni wale wale tuliowatafuta. Likizo ya Aprili iacheni. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kulazimishwa tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Jumatatu nenda shuleni na kitabu kimoja cha hadithi cha darasa la pili, ambacho watoto hao hawajawahi kukishika, pamoja na daftari la kuandikia majina. Ketini mahali ambapo wengine hawatasikia. Mpe kila mtoto dakika tano, usimkosoe, usimharakishe, na utazame kidole chake kuliko unavyosikiliza sauti yake. Anza na wale wenye madaftari safi.