Weupe Umeungua Tena: Kwa Mnaoanza Kupiga Picha za Ndege Kigoma

Vijana, picha zenu za furukombe, yule tai mla samaki wa ziwani, tumeziona. Baadhi si furukombe kabisa, na zile ambazo huenda ni yeye hatuwezi kuziapia, maana kichwa, kifua na tumbo vyote vimegeuka doa moja jeupe. Ni makosa yaleyale ya waliowatangulia, kwenye fukwe zilezile kuanzia Kibirizi hadi Ujiji. Lenzi zinazidi kurefuka tu. Basi tuyaseme tena, kwa upendo, ila uvumilivu unakaribia kwisha.

1. Jua la Kigoma si la Dar. Saa ni moja nchi nzima, lakini sisi tuko magharibi mno, kwa hiyo jua huku huchomoza kama dakika 40 baada ya Dar, na vilima vya nyuma ya mji hulichelewesha tena kabla halijafika ufukweni. Ziwa Tanganyika liko magharibi. Asubuhi ukitazama maji, jua liko mgongoni. Jioni liko usoni. Hata hivyo hakosekani anayeteremka Bangwe saa kumi na moja jioni, anapiga kuelekea Kongo, halafu analalamika kwamba lenzi haina rangi. Jioni piga vivuli vyeusi vya ndege na mitumbwi, vinapendeza. Ukitaka manyoya saa hizo, ingia kwenye mtumbwi upige kuelekea nchi kavu.

2. Weupe. Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo panapouma.

Kamera haijui kuwa umeilenga kwa ndege. Inachojua ni wastani wa mwanga wa fremu, na inataka wastani huo uwe kijivu cha kati. Furukombe aliyetua mtini, nyuma yake maji ya asubuhi, anachukua sehemu ndogo tu. Kwingine kote ni maji yaliyokoza au majani ya mchikichi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga. Maji yanatoka vizuri, majani yanatoka vizuri, kichwa cha ndege kinaungua, yaani kinabaki cheupe tupu bila alama ya manyoya. Kwenye JPEG, faili ambalo kamera imeshalikamilisha yenyewe, weupe ulioungua haurudi, hata ukivuta vitelezi vyote vya programu. RAW, faili ghafi la kamera, itakurudishia kama stopu moja hivi (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu), usiiombe tatu.

Kwa ndege mweupe mwenye giza nyuma yake, peleka kitufe cha +/-, kile cha kuongeza au kupunguza mwanga, kwenye −1, yaani stopu moja chini. Washa ile alama inayometameta palipoungua. Ikimeta kwenye mng'ao wa maji, achana nayo. Ikimeta kwenye kichwa cha ndege, punguza theluthi mbili za stopu nyingine.

Sasa ndege anaruka. Ghafla nyuma yake ni mbingu nyeupe. Kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na ile −1 yako bado ipo inapunguza juu yake: ndege anatoka mweusi tii. Unazungusha hadi +1, naye amesharudi kwenye michikichi, anaungua upya. Tumewaona mkizungusha hicho kitufe kama redio inayotafuta stesheni, na ndege kaenda zake.

Jua linalompiga ndege halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake, na hicho hakikuhusu. Weka kamera kwenye M, ambapo mwanga unaupanga mwenyewe: shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/2500, tundu la lenzi f/6.3, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, kwa asubuhi yenye jua safi. Piga picha moja ya kitu cheupe kilichopigwa na jua hilohilo, hata yangeyange wa pembeni, tazama kama inameta, rekebisha ISO kidogo, kisha usiguse chochote hadi wingu lipite. Wingu likifunika, panda hadi ISO 1600. Na ISO ya otomatiki izime. Ukiwa kwenye M na ISO inajiendesha, kamera bado inaamua mwanga kwa kutazama michikichi, umerudi ulikotoka.

3. Kwa nini tunang'ang'ania weupe: kwa sababu jina la ndege limeandikwa humo. Pwani yetu ina ndege wawili wakubwa weupe-na-weusi wanaochanganywa kila siku, furukombe na yule tumbusi wa michikichi, *Gypohierax angolensis*. Furukombe mzima ana kichwa, kifua na mkia mweupe, lakini tumbo lake ni kahawia iliyoiva, na mkia hauna weusi. Tumbusi ni mweupe hadi tumboni. Mkia wake ndio mweusi wenye ncha nyeupe, na kuzunguka jicho ana ngozi tupu nyekundu. Wakiruka juu yako, tazama mkia kwanza, tumbo baadaye. Picha iliyoungua kifua na kuweka mkia gizani imefuta alama zote mbili.

Na msitumie chakula kama ushahidi. Tumbusi huyu hula nyama ya chikichi, ndiyo, na Kigoma hana njaa, lakini hula pia kaa na samaki, kwa hiyo kumkuta mchangani anadonoa samaki hakumfanyi furukombe. Wachanga ndio kesi ngumu: tumbusi mchanga ni kahawia mwili mzima, furukombe mchanga ana michirizi ya kahawia na nyeupe, na mkia wake mweupe una ukanda mweusi mwishoni. Kwa hao piga ubavu, piga chini ya bawa, piga mkia, ndipo utafute pozi. Picha ya kutambulia kwanza, ya ukutani baadaye.

4. Mdiria mweusi-na-mweupe, yule anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitosa, huelekeza uso upepo unakotoka. Simama upande huohuo wa upepo, atakutazama. Asubuhi mapema upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, hivyo jua na upepo vyote viko mgongoni mwako. Mchana upepo hugeuka, naye anakupa mkia. Shata isishuke chini ya 1/2000. Hakikisha umepata kifua: dume ana kanda mbili nyeusi, jike moja, na mara nyingi imekatika katikati.

5. Hewa. Kiangazi moshi wa mioto ya porini hutanda hadi milima ya Kongo haionekani. Hapo ndege wa mbali muache, hakuna lenzi itakayokutolea ukungu. Mchanga ukishapata moto, mvuke wa joto hutetemesha picha hata fokasi ikiwa sahihi. Kila mara mnalaumu fokasi. Sogea karibu au nenda ukanywe chai.

6. Watu. Mwaloni Kibirizi, wanakoshusha na kuanika samaki, mwewe na kunguru wako wa kutosha kwa sababu dagaa wako wa kutosha, na dagaa hao ni mtaji wa mtu. Usikanyage walipoanikwa, usilenge lenzi kwa mama anayegeuza dagaa kabla hujamsalimia na kumwomba. Pita kwa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) au kwa mwenyekiti wa mtaa ujieleze; mtu mwenye lenzi ndefu kama mkono kwenye mji wa mpakani lazima aulizwe maswali, na si busara kuanza kuyajibu ukiwa umeshalenga bandari. Bandari, uwanja wa ndege na kambi, lenzi ibaki kwenye begi. Gombe ni hifadhi ya taifa: kuna kiingilio na unatembea na mwongozaji.

7. Viota: ukiona mzazi anazunguka na chakula mdomoni bila kutua, wewe ndiye sababu, ondoka. Sauti za kwenye simu, usimpigie ndege aliye na kiota. Kumrushia furukombe samaki ili ashuke tunajua mnafanya. Kumjaza samaki foamu ili aelee, hapana, foamu hiyo anaimeza.

8. Saa. Hili linachekesha hadi linapoharibu rekodi. Kwenye daftari umeandika "saa 2 asubuhi", jioni unajaza eBird, ile tovuti ya rekodi za ndege, unaweka 2:00, na rekodi inasomeka kuwa furukombe alikuwa akivua usiku wa manane. Saa 2 asubuhi ni 8:00. Weka saa ya kamera sawa na ya simu kabla ya kutoka, ili picha yenyewe itoe ushahidi ukisahau. Andika na mahali kwa jina linaloeleweka: "Kigoma" ni mkoa mzima, kutoka Kakonko hadi Uvinza; "Katonga, ufukweni" inatosha. Kisha idadi, na alikuwa akifanya nini. Usipokuwa na hakika, andika "tai, hajatambuliwa" na uambatishe picha ya mkia. Tutamtazama pamoja.