Muulize Shangazi: Nilipwe kwa kusimama tu?

SWALI: Assalamu alaykum shangazi. Mimi ni hamali hapa gatini Lamu. Kuna msanii, mgeni, amepanga nyumba Shela. Atutaka mahamali sita tusimame sebuleni kwake na mfuko wa simiti begani, saa mbili nzima, wageni wake wakitutazama. Kila mtu 2,000. Asema ni sanaa ya kuonyesha pengo la tajiri na maskini. Wenzangu wacheka tu. Niende?
Hamali, Langoni

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Huyo bwana hakubuni kitu, kaiga. Mhispania Santiago Sierra, mzaliwa wa Madrid, ndiye aliyevuma kwa mambo hayo. Mwaka 1999, Havana, Cuba, alipanga vijana sita wasio na kazi, wakachorwa tatuu mgongoni: mstari mmoja wa sentimita 250, kutoka kwa wa kwanza hadi wa sita. Kila mmoja dola 30. Mwaka uliofuata, Berlin, akawaweka wakimbizi wa Chechnya ndani ya maboksi. Sheria ya Ujerumani iliwazuia kufanya kazi, basi hata ujira wao ulikuwa wa kificho.

Namsifu kwa moja: malipo mara nyingi huyatangaza, anayetazama ajue mtu kanunuliwa kwa bei gani. Lakini dola 30 hazikai, tatuu hukaa. Na kanda ya video ya kazi kama hiyo ya tatuu, aliyoifanya Salamanca, Hispania, mwaka 2000, imo katika hazina ya Tate, jumba la sanaa la London.

Kwa hiyo mimi sanaa siigombi, nagomba picha. Kabla hujavuka kwenda Shela mwandikishane: picha zitakwenda wapi, uso wako utaonekana au la, na zikiuzwa nyinyi mwapata nini. Akisema "tutaona," rudi gatini.

Halafu hiyo simiti! Gatini wabeba, watua, wavuta pumzi. Kilo 50 begani saa mbili bila kutua, hata punda hafanyiwi hivyo. Mwambie mfuko ujazwe makumbi. Wageni wake watajuaje? Wao hawajawahi kubeba.

Na 2,000 ni kidogo. Wenzako wasicheke, mwende sita kwa bei moja, maana akiwapata mmoja mmoja atawapunguza. Nusu mkononi kabla ya kuinua mfuko, na boti ya kurudi alipe yeye, usiku nauli hupanda.