Kihisi kinasema 6.2, kidole kinasema 4.4

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina kisukari cha aina ya kwanza, natumia insulini. Nimebandika kihisi cha sukari mkononi na namba nazisoma kwenye simu. Jioni hukimbia dakika 45. Juzi, dakika ya 30, magoti yalianza kulegea na jasho jembamba likanitoka. Kihisi kikasema 6.2 (kwa mmol/L, kizio cha kupimia sukari). Nikachoma kidole: 4.4. Kipi kinadanganya?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hakuna kinachodanganya, ila havipimi kitu kimoja. Glukometa, kile kipimo cha kuchoma kidole, hupima damu yenyewe. Kihisi kina uzi mwembamba uliolala chini ya ngozi, kwenye majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko ikitokea kwenye damu. Ukiwa umetulia, majimaji hayo hubaki nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Ukikimbia, misuli hufyonza sukari kwa kasi na pengo hilo laweza kuongezeka. Piga hesabu: damu ikishuka 0.12 kila dakika, na kihisi kiko nyuma dakika 15, tofauti ni 1.8. Ndiyo hiyo uliyoiona.

Kwa hiyo ukiwa mbioni, tazama mshale ulio kando ya namba kwenye simu kabla ya namba yenyewe. Katika vihisi vingi, mshale ulionyooka kuelekea chini una maana kwamba sukari inashuka zaidi ya 0.1 kila dakika. Namba 6.2 yenye mshale huo si ya kukutuliza. Na mwili ukikuambia sukari imeshuka, chukua hatua hata kama simu inakataa.

Anza kukimbia sukari ikiwa kati ya 7.0 na 10.0. Ikiwa chini ya 5.0, kula kwanza gramu 10 hadi 20 za wanga, usubiri ipande. King'ora cha kihisi cha sukari kushuka kipandishe hadi 5.6 wakati wa mazoezi. Kikilia kwenye 4.0, damu huenda imeshapita hapo kitambo.

Beba glukometa na kichupa cha maji. Nawa kidole, kikaushe kabisa, ndipo uchome: kidole kilichoshika embe hupandisha kipimo, na kilicholowa jasho huzimua tone la damu.

Sukari ikiwa chini ya 4.0, simama. Kunywa gramu 15 za glukosi, au vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyojaa, kwenye maji. Baada ya dakika 15 pima kwa kidole, narudia, kwa kidole. Hapa ndipo wengi huumia: damu imeshaanza kupanda lakini kihisi bado kinaonyesha kushuka, mtu anaogopa, anakunywa tena na tena, na baadaye sukari inaruka juu.

Usiku wake acha king'ora kikiwa kimewashwa, maana sukari huweza kushuka saa nyingi baada ya mazoezi. Ila usiulalie mkono wenye kihisi. Mgandamizo hukifanya kisome chini bila sababu.

SWALI: Mimi nikinyanyua vyuma sukari hupanda hadi 11. Kihisi kimeharibika?

JIBU: Hapana, kupanda huko ni kwa kweli. Kunyanyua vizito hutoa adrenalini, nayo huliamsha ini limwage sukari. Mara nyingi hushuka yenyewe baadaye, kwa hiyo usikimbilie kujichoma dozi nzima ya insulini ya kurekebisha. Kiasi kinachokufaa panga na daktari wako.