Fensi ya aluminiamu karibu na bahari: jibu kwa muulizaji wa Mjimwema

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una kiwanja Mjimwema, Kigamboni, mbele ni mita 20, mawimbi unayasikia usiku, shemeji anataka fensi ya aluminiamu, na fundi wako wa kuchomelea anakwambia weka grili za chuma kwa sababu aluminiamu ni ya madirisha. Unauliza nani umsikilize.

Mimi ni fundi aluminiamu. Nilianza na madirisha na milango, siku hizi fensi na mageti ndizo zinanipa mkate zaidi, na kazi zangu nyingi ziko upande wa baharini. Kwa mbele, msikilize shemeji. Pembeni na nyuma jenga tofali kama majirani wako. Ila ujue kabisa kwamba fensi hiyo bahari peke yake haitaiua. Itauliwa na vitu vinavyoigusa: skrubu, saruji, fremu ya chuma, waya wa shaba, hata maji ya kisima. Fensi karibu zote za aluminiamu nilizoitwa kuzirekebisha, bomba lenyewe lilikuwa zima. Kilichooza kilikuwa pale lilipokutana na kitu kingine.

Fundi wako nisimvunjie heshima. Chuma kina nguvu, kinachomelewa popote penye umeme, na kikipinda kinanyooshwa. Shida yake ni kwamba bomba la mraba la chuma linaoza kuanzia ndani, mahali ambapo brashi ya redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, haifiki. Upepo wa kusi ukianza kuvuma unaleta chumvi usiyoiona, inaingia kwenye matundu ya kuchomelea, na unapoona kutu imetoka nje kama machozi ujue ndani kumeshaliwa. Kama lazima iwe chuma, basi kichovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa baada ya kazi yote ya kuchomelea kwisha. Ukichomelea baada ya kuchovya, umeunguza zinki palepale panapohitaji kinga zaidi.

Aluminiamu nayo inapata "kutu", ila yake ni ngozi nyembamba ngumu inayoziba hewa isiingie ndani. Uzito wake ni kama theluthi ya chuma: gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 7.85. Ndiyo maana watu wawili wanabeba paneli nzima bila kutoa jasho. Lakini ugumu wake wa kutopinda nao ni theluthi ya chuma, na hili wauzaji hawalisemi. Bomba la aluminiamu lenye unene uleule wa bomba lako la chuma litacheza mara tatu zaidi ukiliegemea. Kwa hiyo unene ndio kitu cha kwanza kupima kabla hata hujatazama urembo.

Nenda dukani na sumaku na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Sumaku ikinasa, hiyo ni chuma iliyopakwa rangi, hata kama karatasi imeandikwa aluminiamu. Kuna paneli za chuma chenye zinki zinazofanana kabisa na za aluminiamu kwa macho. Kalipa itakuonyesha unene pale kwenye mdomo wa bomba. Fensi za nyumbani zinazouzwa Marekani, ambako aina hii ya uzio ni ya kawaida sana, fito zake huwa na kuta za milimita 1.3 hivi. Kwa kwetu, ambako watoto wanapanda na mabodaboda wanaegemeza pikipiki, mimi sishuki chini ya 1.5 kwa fito, 2 kwa pau ya juu na ya chini, na 3 kwa nguzo ya 75 kwa 75. Uliza pia ni aloi gani, yaani mchanganyiko gani wa metali. Mabomba mengi ya kazi hizi ni 6063, na nyuma ya namba hiyo huandikwa T5 au T6. T6 ni ngumu zaidi. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hizo kwenye karatasi zake, nenda duka jingine.

Rangi ni ya poda, ile inayopulizwa ikiwa unga kisha ikaokwa kwenye tanuri. Viwango viwili utakavyokutana navyo ni Qualicoat vya Ulaya na AAMA vya Marekani. Qualicoat wanataka unene wa rangi wa wastani wa maikroni 60 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwenda juu, na wana daraja maalumu la maeneo ya bahari linaloitwa Seaside. Kwa AAMA, 2603 ni rangi iliyopimwa kwa kuanikwa mwaka 1 kwenye jua la Florida, 2604 miaka 5, 2605 miaka 10. Kwa Mjimwema anzia 2604. Na hata rangi nzuri namna gani, ukikata bomba baada ya kupakwa unaacha mdomo uchi, na chumvi inaingia chini ya rangi kupitia hapo ikichora mistari kama minyoo. Omba kiwanda kikate kwanza kwa vipimo vyako ndipo kipake. Ikishindikana, kila mdomo uliokatwa usuguliwe, upakwe praima na rangi siku ileile.

Sasa twende kwenye yale yanayogusana.

Metali mbili tofauti zikigusana na katikati kukawa na maji ya chumvi, moja inalika ili nyingine ipone. Betri ya tochi inafanya kazi hivyohivyo, kopo lake la zinki linaliwa taratibu mpaka linatoboka. Kati ya aluminiamu na chuma, anayeliwa ni aluminiamu. Kati ya aluminiamu na shaba ni balaa kabisa. Kuna nyumba moja niliitwa, fensi nzuri, bomba nene, lakini aliyefunga alitumia skrubu za kawaida za kupigia mabati. Kila penye skrubu palikuwa na unga mweupe umevimba chini ya rangi na michirizi ya kahawia ikiteremka. Mwenye nyumba alijua ameuziwa aluminiamu feki. Haikuwa feki, skrubu ndizo zilizokuwa zinakula fensi yake.

Tumia skrubu za stenlesi, daraja la 316 ukiwa karibu na bahari, na kila moja ikae juu ya washa ya nailoni. Stenlesi nayo ni metali tofauti, lakini skrubu ni ndogo na bomba ni kubwa, kwa hiyo madhara yanakuwa madogo, na washa inayapunguza zaidi. Stenlesi ya 304 inatosha kwa walioko mbali na maji, tuseme Kimara au Kibamba. Waya wa ethi wa shaba usipite juu ya fensi. Bomba la shaba la kiyoyozi lisidondoshe maji juu yake. Ukitaka waya wa umeme wa ulinzi juu, uende na vishikizo vyake vya plastiki.

Saruji mbichi ni adui mwingine. Ukali wake unayeyusha ile ngozi ya kinga, na chokaa hufanya vilevile. Ndiyo maana sifungi fensi kabla lipu na rangi ya ukuta havijaisha. Tone la lipu likikaukia kwenye rangi ya poda, ukilibandua unaacha doa ambalo halifutiki. Mafundi wa ujenzi wataapa kwamba watafunika na nailoni. Waache waape, wewe subiri.

Kwa mbele yako mimi ningefanya hivi. Ukuta mfupi wa tofali wenye kimo cha sentimita 60, juu umefungwa mkanda wa zege wenye nondo, na uso wake uteremke kidogo kuelekea nje ili maji yasitulie. Mchanga usiwe wa ufukweni hata ukipewa bure, chumvi yake itakula nondo zako. Juu ya mkanda zinakaa nguzo za mita 1.4, kwa hiyo jumla unapata mita 2. Kitako cha nguzo kiwe bamba la aluminiamu la milimita 10, chini yake kipande cha mpira, na bolti nne za kutanua za stenlesi. Bamba lichomelewe karakana yenye mashine ya TIG na gesi ya agoni. Fundi wako wa chuma na vijiti vyake hataweza, kwa sababu ngozi ya aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 wakati aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye 660. Atatoboa kabla hajaunganisha. Na joto la kuchomelea linalegeza metali kuzunguka mshono, palepale ambapo nguzo inabeba mzigo wote. Kwa nguzo ya 1.4 inavumilika. Kwa nguzo ndefu zaidi nazamisha ndani ya zege sentimita 60, sehemu inayozama ikiwa imepakwa lami mpaka sentimita 5 juu ya usawa wa zege. Nguzo za namna zote mbili zivalishwe kofia juu, na zitobolewe kitundu cha kutolea maji upande wa chini.

Hesabu ya paneli. Mabomba mengi yanakuja na mita 5.8, urefu unaoingia kwenye kontena la futi 20. Fundi akikupangia paneli za mita 2.4, kila bomba la pau linatoa vipande viwili na kukuachia mita nzima ya takataka uliyoilipia. Wewe una mita 20. Toa geti la mita 4, zinabaki 8 kila upande. Weka nguzo tano kila upande, unapata nafasi nne za milimita 1,906 kati ya nguzo na nguzo. Pau ya mita 1.9 inaingia, na bomba moja linatoa pau tatu. Zile milimita 3 zilizobaki kila mwisho usizizibe. Jua la mchana na baridi ya alfajiri vinairefusha na kuifupisha pau hiyo kwa karibu milimita 2, na ikibanwa itapinda au itakata skrubu. Fito 15 za milimita 25 kwa paneli zinaacha mianya ya milimita 95 hivi. Usizidishe 100, mtoto atapitisha kichwa.

Nguzo za mwanzo na mwisho zisimame kwanza, timazi pande mbili, kisha kamba ya juu na ya chini, ndipo za katikati zifuate. Kama barabara yenu inateremka, amua mapema: ama ukuta mfupi upande kwa ngazi na paneli zibaki mraba, ama ununue paneli za kiungo zinazoinama na mteremko. Kulazimisha paneli ya mraba ikae mshazari ni kuharibu vitu.

Naona wengi siku hizi wanataka zile fensi za vibao vya aluminiamu vya mlalo zisizo na upenyo, ili wapita njia wasione ndani. Zinapendeza, sikatai. Lakini upepo wa mita 20 kwa sekunde unasukuma si chini ya kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Paneli yako ikizibwa yote inapokea zaidi ya kilo 65, na mzigo huo unaishia kwenye bolti nne za kitako. Ukitaka kujificha, panda michongoma au bougainvillea kwa ndani, au ziba nusu ya chini tu.

Usalama niuseme wazi: aluminiamu inakatwa na msumeno wa mkono. Haizuii mwizi aliyedhamiria. Na yenyewe ni mali, maana wanunuzi wa vyuma chakavu wanaipenda na wasubu wa masufuria wanaiyeyusha siku hiyohiyo. Skrubu za nje ziwe za kichwa kisichofunguka kwa bisibisi ya kawaida, au zigeuzwe zifungwe kwa ndani. Nyuma na pembeni, ambako hakuna anayepita usiku, ndiyo sababu nimesema tofali.

Geti la mita 4 fanya la kuteleza, si la kufungua kama mlango. Wepesi wa aluminiamu utaipa mota maisha marefu, wakati bawa refu la kuning'inia litalegea kwenye kona. Reli ya chini iwe ya chuma kilichochovywa zinki, na magurudumu ya nailoni.

Usafi ni maji na sabuni ya kawaida, hasa sehemu zilizo chini ya paa au mti ambazo mvua haizioshi, kwa kuwa huko ndiko chumvi inakolundikana. Maji yawe yasiyo na chumvi. Visima vingi vya Kigamboni ni vya chumvi, na kuoshea fensi hayo ni kuongeza ugonjwa. Asidi ya kusafishia vigae na stilwaya ya jikoni visiisogelee.

La mwisho, kabla ya kumwaga hata karai moja la zege, mwite mpima aonyeshe bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na kama kiwanja kinagusa ufuko, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ukishapata makadirio ya mafundi wawili watatu, yaweke hapa tuyaangalie. Bei peke yake haitatusaidia, hakikisha wameandika unene wa kila bomba, aina ya rangi na daraja la skrubu.