Trakiboli inasumbua kwenye kabati la gemu? Anzia kwenye mpira, setingi baadaye

Wakuu mnaoanza kujijengea makabati ya gemu nyumbani, naomba niwaachie haya ya trakiboli, ule mpira unaozungushwa kwa kiganja kusogeza kishale, maana karibu kila mgeni nayemsaidia namkuta kapita njia ile ile: mpira umeanza kugoma, yeye moja kwa moja kwenye setingi, kapandisha sensitiviti, haijasaidia, kabadilisha draiva, haijasaidia, mwisho anafuta Windows nzima anaweka upya na ubovu bado uko pale pale chini ya kiganja chake. Kompyuta ndo ya mwisho kulaumiwa. Mwendo unaanzia kwenye mpira, unaingia kwenye rola, unapita kwenye sensa, waya, bodi ya USB inayopeleka ishara kwenye kompyuta, ndo unafika kwenye gemu, na wewe tafuta ubovu kwa kufuata njia hiyo hiyo bila kuruka hatua.

Ndani hamna maajabu. Iwe ya inchi 3 au ile ndogo ya inchi 2¼, mpira umekaa juu ya vitu vitatu: rola mbili zilizopishana kama herufi L, moja inasoma kulia na kushoto, nyingine juu na chini, halafu kuna beringi ya tatu ya kuegemea tu, hiyo haisomi chochote. Kila rola ina beringi huku na huku, na mwisho wake kimefungwa kidiski chenye matundu kinachopita katikati ya taa ndogo ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na sensa mbili. Kidiski kikizunguka mwanga unakatika na kurudi, na zile sensa zimewekwa zipishane kidogo ili moja ishtuke kabla ya mwenzake, kwa hiyo kompyuta inajua mpira unaenda upande gani kwa kuangalia ipi imetangulia. Hapo pashike vizuri sana, dalili nyingi ntakazotaja huko mbele zinaelezeka na hilo tu. Na ni ufundi wa siku nyingi, enzi za gemu kama Missile Command ya 1980 na Centipede ya 1981 mpira ulikuwa unasomwa kwa mtindo huu huu.

Sasa chomoa USB, fungua juu, toa mpira, angalia rola. Katikati kabisa, pale mpira unapogusa, utakuta kamkanda keusi keupana kidogo kamegandia, ni jasho na uchafu wa mikono uliokandamizwa mpaka ukawa mgumu. Watu wengi wanapuliza vumbi wanafunga wanadhani wamesafisha, wakati kale kamkanda kako pale pale na ndiko kanakofanya mpira urukeruke au uteleze. Kakwangue na kucha au kijiti cha plastiki, kisu hapana kitachora rola, malizia na kitambaa chenye spiriti kidogo. Mpira wenyewe ufute pia.

Rola ikishakuwa safi izungushe kwa kidole uiachie. Inatakiwa iendelee kuzunguka yenyewe kimya halafu isimame taratibu. Ikisimama ghafla, au ukisikia inakwaruza kama mchanga kwenye meno, hiyo beringi imekwisha, na mi nashauri ubadilishe zote kwa mkupuo sababu zimezeeka pamoja. Na jamani msimwagie mafuta humo ndani! Mafuta yakifika kwenye rola mpira unateleza, unauona unazunguka vizuri tu lakini kishale kinatambaa. Ukitaka kuhakikisha kama rola inateleza, weka alama ya kalamu kwenye ncha yake, rudisha mpira, uzungushe taratibu huku unaangalia ile alama kwa chini.

Kitu kingine ni skrubu. Mtu akishasafisha anafunga kwa nguvu zote, kasha linajikunja kidogo tu, mpira unabanwa, halafu anasema usafi ndo umeharibu. Legeza kila skrubu nusu mzunguko ujaribu tena.

Ukiona kimakanika iko sawa ndo uje kwenye umeme, na hapa dalili zinaongea zenyewe ukizisikiliza. Kishale kinatetemeka palepale upande mmoja, kinaenda kinarudi hakisogei: sensa moja kati ya zile mbili haifiki kwenye bodi, imekufa au waya wake umeachia, kwa hiyo kompyuta haijui ipi imetangulia. Kinaenda kinyume, basi waya mbili za ishara zimebadilishana nafasi. Ukisukuma juu kinaenda kulia, plagi za rola mbili zimepishana. Upande mmoja kimya kabisa mara nyingi ni ile taa ya infraredi au umeme hauifikii, na unaweza kuiangalia kwa kamera ya simu, inaonekana kama kimwanga cha zambarau hivi. Ila jaribu kwanza kamera yako na rimoti ya TV, kuna kamera zinachuja huo mwanga na utaishia kuhukumu taa isiyo na ubovu kuwa mbovu.

Jaribio nalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa chochote. Tuseme kulia na kushoto pamekufa, juu na chini panafanya kazi. Chomoa zile plagi mbili kwenye bodi ya USB, uzibadilishane. Sasa zungusha mpira kulia na kushoto: kishale kikisogea, hata kama kinaenda juu na chini, maana yake sensa ni nzima na tundu la kwanza la bodi ndo lina shida. Kikibaki kimya, tatizo liko upande wa trakiboli, kwenye sensa au waya. Dakika mbili umeshajua ununue nini. Piga picha kabla ya kuchomoa, na usiamini rangi za waya, watengenezaji hawafanani, ukipeleka volti 5 kwenye njia ya ishara unaweza kuunguza kitu ambacho kilikuwa kizima.

Inakata na kurudi yenyewe? Pima hizo volti 5 pale kwenye trakiboli, sio kwenye kompyuta, na upime ikiwa inafanya kazi. Tundu la USB 2.0 linatoa milliampia 500, sasa wewe umeweka kigawanyi cha USB (hub) kisicho na umeme wake, kimebeba vitufe, taa za mapambo na trakiboli, itatosha wapi. Angalia pia Windows isiwe inazima USB ili kuokoa umeme. Na kama inakata pale tu unapogusa mpira au kile kibao cha chuma kilichofungiwa trakiboli, hasa hewa ikiwa kavu, huo ni umeme tuli wa mwilini mwako, funga waya wa ardhi kwenye kibao.

Kuna wanaotumia bodi iliyotolewa kwenye kipanya cha zamani. Inafanya kazi ila ukiusukuma mpira kwa nguvu zote kishale kinaweza kurudi nyuma ghafla, bodi imeshindwa kuhesabu matundu kwa spidi hiyo. Usihangaike na setingi, tafuta bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya trakiboli.

Programu sasa. Jaribu nje ya gemu kwanza, kwenye desktopu tu. Kishale kikienda vizuri pande zote halafu gemu ndo haioni kitu, fungua faili la mame.ini (la setingi za MAME, programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta) uangalie mstari wa mouse uwe 1 na sio 0. Ukiwa ndani ya gemu bonyeza Tab, tafuta sehemu ya vidhibiti vya analogi, humo utakuta sensitiviti ya X na ya Y na sehemu ya kugeuza upande. Badilisha kidogo kidogo, na ujue inahifadhiwa kwa gemu hiyo tu, kwa hiyo Centipede ikikaa sawa usishangae Missile Command ikiwa bado nzito. Kama una trakiboli mbili za wachezaji wawili na zote zinamsogeza mtu mmoja, kwenye faili lile lile weka multimouse iwe 1, halafu umpangie kila mchezaji ya kwake kwenye menyu ya vidhibiti.